Mishale ya Karani Fanueli

Mume wangu Fanueli alikuwa karani wa kuandika barua pale sokoni Chimala, na kwa mwandiko hakuwa na mpinzani. Ila Kiswahili chake, jamani! Sisi Wanyakyusa tumekikuta shuleni, na yeye alikipenda kuliko kilivyompenda. Ukimsahihisha, ananuna hadi ugali unapoa.

Mwaka 1954 mjane Atuganile alimpa jirani yetu Jailos maksai wake wawili alime nao misimu miwili. Jailos naye angetoa magunia mawili ya mpunga kila mavuno. Fanueli akawaandikia karatasi: "Atuganile amekodi maksai wawili kwa Jailos. Jailos atatoa magunia mawili ya mpunga kila mavuno." Akawasomea, wakaitikia, wakaweka dole gumba. Hata mimi nilikuwepo, nikaona sawa. Kwetu huku mwenye mali amekodi, anayechukua naye amekodi, na kila mtu anaelewa.

Misimu ikaisha. Atuganile alipokwenda kuwachukua maksai wake, Jailos akamtolea karatasi.

"Hii hapa, dada. Uliwakodi kwangu. Muda wako umekwisha, nao wamesharudi zizini kwao."

Mtu mzima ovyo! Atuganile alikuwa na watoto watatu, shamba la mpunga na maksai hao, basi. Mvua zilikuwa karibu, na kwa jembe la mkono angelima robo tu. Alikuja kwetu akakaa kwenye mkeka, wala hakulia. Hapo ndipo nilipoogopa.

Fanueli akaisoma nakala yake mara nne. "Nimeandika sahihi," akasema.

Hasira zikanipanda. Nikaokota kipande cha mkaa, nikachora sakafuni nyumba mbili, ya Atuganile na ya Jailos.

"Baba Abrahamu," nikamwambia mume wangu, "nisomee polepole. Maksai wametoka nyumba gani, wameingia nyumba gani?"

"Atuganile amekodi... kwa Jailos." Nikachora mshale kutoka kwa Jailos kwenda kwa Atuganile.

"Ungeandika amemkodisha Jailos, mshale ungegeuka," nikamwambia. Nilitegemea anune. Hakununa.

"Chora na mpunga," akasema kwa sauti ndogo.

Karatasi ilisema Jailos ndiye atakayetoa mpunga, nikachora hivyo. Mishale yote miwili ikatoka kwa Jailos, ikaingia kwa Atuganile. Na hakuna kilichorudi kwa Jailos.

Shauri likafika kwa wazee. Siku ya baraza nilijua kinachomuuma mume wangu. Karani akikiri kosa mbele ya soko zima, nani atamletea kazi tena? Jailos akaonyesha karatasi yake, akakaa kwa madaha. Fanueli akasimama.

"Wazee wangu, kosa ni langu. Nimeandika amekodi, wakati mama huyu amekodisha. Ruhusuni niwaonyeshe."

Akachukua kijiti, akachora chini nyumba mbili na mishale miwili, kama ilivyosema karatasi. Mzee wa baraza, Yotamu, akainama akaangalia kwa muda mrefu.

"Jailos," akasema, "wewe umempa mama huyu maksai wako?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mpunga ulimpelekea?"

"Magunia manne. Sikumdhulumu hata debe."

"Kwa hiyo unampa mtu maksai, halafu unamlipa kwa kukubali kuwachukua?" Yotamu akainua kichwa. "Basi na mimi nipe mbuzi wako, uniletee na gunia juu yake!"

Watu wakaangua kicheko. Yotamu akafuta ule mshale wa maksai kwa kisigino, akauchora upya kutoka kwa Atuganile, akasema wanyama warudi kwake kabla ya adhuhuri.

Walirudi kweli, wamekonda kidogo, na Atuganile akawakagua kwato na pembe. Nilifurahi hadi nikasahau sufuria ya maharage, ikaungua. Tangu hapo Fanueli hakuandika mkataba kabla ya kuchora nyumba na mishale, na wahusika kuonyesha kwa kidole nini kinatoka wapi kwenda wapi.

Jioni ya siku waliporudi maksai, Atuganile alikuja na kuku. Fanueli akakataa kumpokea kuku.

"Mama, mimi ndiye nusura nikupotezee maksai."

"Kukosea hata mimi nakosea," Atuganile akasema. "Lakini ulisimama. Ndaga fijo, asante sana, karani."

Akamwachia kuku mikononi. Mume wangu akalia mbele yetu sote, amempakata kuku, na mimi, kwa mara ya kwanza, sikuwa na neno la kumsahihisha.