Jino la Fundi Viatu

Fundi viatu alirithi vitu viwili kwa baba yake: nyundo, na ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mikono. Kila miezi mitatu alitoa damu hospitalini, watafiti wa ugonjwa huo wapime dalili za uvimbe ndani ya mwili. Safari hii vipimo vilipanda ghafla, daktari akamwita mbio.

"Mzee wangu, unaumwa wapi?"

"Jino tu, mwanangu. Nilificha, nisije nikatolewa kwenye utafiti na kurudishwa nyumbani."

"Jino bovu nalo hupandisha vipimo! Ungetuharibia utafiti wote!" Daktari alifoka, kisha akacheka, akamshika mkono hadi kwa mng'oa meno.

Jioni, shavu limemjaa, fundi alimwambia binti yake, "Marehemu babu yako alitetemeka hivi hivi, wakamwita mlevi. Hakuna aliyemshika mkono. Mimi leo nimeshikwa."