Miche ya Mageni Isiyobembelezwa

Mche usidekezwe kwa maji. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishika Mageni, mjane wa kijiji cha Rwamgasa, mwaka 1936, alipotunza miche ya miyombo katika bustani ya misheni. Kilima kizima kilikuwa kimekatwa magogo ya kuegemeza mashimo ya dhahabu, na misheni ilitaka kukirudishia miti.

Mageni alichuma uyoga tangu utoto. Alijua kwamba ukifukua chini ya myombo, pale uyoga unapoota, utakuta nyuzi nyeupe zimeivika mizizi. Basi alichota udongo wa hapo akauchanganya katika matuta yake sita, akaondoa kivuli cha nyasi, akawa anamwagilia kila siku ya tatu. Alikwisha kung'oa miche ya kivulini, inayonyweshwa asubuhi na jioni: majani mengi, mizizi mitupu. Mche usiopata jua hauna cha kuzilisha nyuzi zile, nazo ndizo zinazousaidia kuvuta maji ardhini.

Msimamizi wa bustani, Pantaleo, alitunza matuta mengine kwa kivuli na maji tele.

"Mama Paskalina," alimtania, "unalea miche au unaifungisha Kwaresima?"

"Ikizoea kufunga hapa, baba, huko kilimani haitashtuka."

Mwishoni mwa Oktoba ikaja habari kwamba mkubwa wa misheni angekagua bustani Jumapili. Pantaleo hakucheka tena.

"Imwagilie leo na kesho, iwe kijani. Imedumaa, itatuaibisha."

"Siimwagilii. Nikimpendeza mgeni nitaiua miche."

"Basi acha ndoo hapo uende. Na nyumba ya kazi uiache."

Aliiacha ndoo. Matuta yake hayakuguswa. Pantaleo alisema hayastahili hata tone.

Mvua za Novemba zilipoanza, miche yote ilipandwa kilimani. Januari mvua ikakatika wiki tano. Miche mirefu ya Pantaleo ilikauka karibu yote. Mifupi ya Mageni ilisimama. Pantaleo aling'oa mmoja, akaziona nyuzi nyeupe zimeshikamana na udongo. Alikuwa mtu mkaidi, lakini si mwongo. Alitembea hadi Nyarugusu, ambako Mageni alikuwa amehamia kwa dada yake.

"Shikamoo, mama. Nilikosea."

"Marahaba. Udongo wa uyoga uko ng'ambo ya kijito. Chota huko."

Kazi alikwisha kupewa mwingine, na Mageni hakurudishiwa. Kanuni ile ilimgharimu Mageni ajira na nyumba, na binti yake Paskalina akaacha shule ya misheni akiwa darasa la pili.