Kibao mu Shingo ya Kapinga

Enzi zetu kule Ruashi, batoto ba primaire hatukuogopa mbwa wala fimbo. Tuliogopa kibao. Kilikuwa kipande cha mbao kwenye kamba. Mu masomo ilikuwa Kifaransa tu; ukisema Kiswahili, unavalishwa mu shingo, na unatembea nacho mpaka umukamate mwingine anasema Kiswahili, njo unamupatia. Wa kubaki nacho saa ya kutoka alifagia darasa peke yake, benzake bakicheza nzango, mchezo wetu wa kuruka na kupiga mikono.

Basi tulijua hila zote. Unamukanyaga muntu kidole, analia "Yooo, mama yangu!", kibao ni chake. Miye nilikuwa fundi. Siku moja nilitia pilipili mu mukate wa Béa, kapiteni wetu wa nzango. Akatafuna, machozi yakamutoka, akajikaza kulia pilipili kwa Kifaransa: "C'est piquant!" kama mutoto wa Paris. Ile siku nilimuheshimu.

Kapinga peke yake hakuwahi kukivaa. Kwao balitoka Kasai, nyumbani balisema Tshiluba, na mu masomo yeye alisema Kifaransa tu. Tulimucheka: "Huyu anajifanya muzungu!" Nzango hatukumuita. Alisimama kando ya ukuta, miguu ikirukaruka yenyewe.

Ijumaa moja kibao kikanishika miye, na kiisha masomo tulikuwa na nzango ya mwisho ya kushindana na darasa la jirani. Nilikanyaga vidole vya bantu saba. Wapi! Bote balilia kwa Kifaransa. Kengele karibu ilie, Kapinga akanikaribia, akasema Kiswahili kwa nguvu, maître, mwalimu wetu, asikie:

"Weye, leta ile kitu! Na miye niko wa hapa!"

Nikamuvalisha, nikakimbia. Hata aksanti sikusema. Tulishinda.

Jumatatu tulingoja atuwinde. Hakuwinda muntu. Tulisema Kiswahili mbele ya uso wake, yeye anatabasamu tu, kibao kifuani kama medali. Maître akimuuliza, anajibu: "Je n'ai rien entendu, monsieur," eti hakusikia kitu. Kila siku alifagia.

Alhamisi Béa akachoka: "Huyu atatuua na aibu!" Akachukua ufagio. Miye nikafuata, kisha bote. Maître akakuta batoto arobaini banafagia darasa moja, vumbi mpaka juu. Akakohoa, akamuvua Kapinga kibao, akakifungia mu armoire, kabati ya darasa. Hatukukiona tena.

Na Kapinga mu nzango? Aliruka vibaya kabisa, tena alihesabu kwa Tshiluba. Tukamuacha ahesabu vile.

Leo mutoto wa dada yangu iko na group ya darasa mu telefone. Juzi nilimuuliza rafiki yake mumoja iko wapi. "Tantine, tumemutoa." Tumemutoa! Kwa kidole kimoja! Sisi vidole vyetu vilikuwa vya kukanyagwa tu.

Kapinga anauzisha vitambaa kule Kipushi. Tukikutana ananinyooshea shingo: "Weye, kibao yangu iko wapi?" Tunacheka mpaka baclients banashangaa. Na kila mara narudi nyumbani bila kumupatia ile aksanti ya Ijumaa. Njo nimeiandika hapa, aisome yeye mwenyewe, muntu mwingine asimusaidie kusoma.