Mahali pa Mtungi

Nauza vigae mjini Migori, na karibu kila boksi dukani kwangu limeandikwa Morbi, mji wa India vinakotengenezwa. Mama yangu, anayeishi Rusinga, alilizoea jina hilo hata akawa analitaja kama la mkwe tajiri. Akataka sakafu ya nyumba yake nayo iwekwe vigae vya huko. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Sakafu yake ilikuwa ya udongo, na pembeni palikuwa na kishimo cha kukalia mtungi wa maji, dapi aliyoifinyanga nyanya yangu, marehemu. Kitako cha mtungi wetu ni cha mviringo; pasipo kishimo hausimami. Fundi aliuliza kama aache nafasi yake. Mama ndiye aliyejibu: "Ziba yote. Wageni wataniona mshamba."

Akauweka mtungi juu ya ngata ya majani ya mgomba. Haikupita wiki, ngata ikateleza, mtungi ukavunjika. Kigae hakikupata hata mkwaruzo. Nilikuwapo, na kwa mara ya kwanza nilichukia uimara wa bidhaa yangu.

Mwaka jana nikaenda Morbi kuchagua mzigo. Mji uko kando ya mto Machchhu, una majumba ya watawala wa zamani, na nje yake viwanda vimejipanga barabarani hadi majani ya miti yamekuwa meupe kwa vumbi la udongo. Mwenye kiwanda kimoja alinikaribisha kwake chakula cha mchana. Sakafu na kuta zote zilimeremeta. Lakini karibu na jiko palikuwa na kibaraza cha mawe chenye matundu ya mviringo, na mitungi ya udongo imekaa humo, imefunikwa vizuri. Mkewe akanichotea maji. Yalikuwa baridi, yananukia udongo kama ya nyumbani. Nikashindwa kuyamaliza.

Niliporudi nilimsimulia Mama. Akaacha kuchambua dagaa wa omena.

"Kumbe wenyewe wanaotengeneza hizi taili bado wanakunywa kwa dapi?"

"Ndiyo, Mama. Wameijengea mahali pake."

Akatazama ile pembe, ambako siku hizi hukaa mtungi wa plastiki wa manjano. Nikamwambia si kitu, nitamwita fundi akate kigae kimoja, arudishe kishimo.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "akishakata, tutaweka nini?"