Chuo Kisicho na Tarehe ya Mwisho

Corinne Sadowski alikuwa na miaka kumi na saba na tabia ya kuahirisha lile lisilomtisha. Hilo ndilo lililomponza.

Alitaka kitu kimoja tu, kusomea uuguzi. Mama yake, Lorraine, alikuwa na miaka kumi na tisa ya kuogesha na kulisha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee, bila cheti, akiamrishwa na wauguzi aliowazidi umri. Corinne aliapa yeye hataamrishwa.

Vyuo vilikuwa viwili. Kile kikubwa cha Philadelphia kilitaka maombi ya mapema: yafike kabla ya tarehe mosi Novemba, jibu litoke katikati ya Desemba. Kile cha jirani hakikuwa na tarehe. Kilipokea tangu Agosti na kumjibu kila mtu kadiri alivyofika, mpaka nafasi ziishe. Watu husoma kwamba hakuna tarehe ya mwisho, wakafurahi, na hayo maneno ya mbele, ya mpaka nafasi ziishe, yakawapita.

"Si upeleke kote kuwili yaishe?" Lorraine alimuuliza Oktoba, akimenya viazi.

"Kila chuo na insha yake, mama. Nikianza ya pili, hii itaharibika. Cha jirani hakina haraka."

Bi Haddix, mshauri wa wanafunzi shuleni, alimsimamisha kwenye korido. "Corinne, cha jirani umeshapeleka?"

"Bado, mwalimu. Si kipo tu?"

"Chuo kipo. Nafasi za uuguzi ni arobaini na nane, na matokeo ya wenzako sita nimeshayatuma huko."

Corinne akarudi kulekule kwenye insha ya Philadelphia. Aliiandika upya mara kumi na moja. Aliituma siku ya Halloween, ya mwisho ya Oktoba, huku watoto waliovaa vinyago wakigonga mlango kudai peremende.

Hapo angeandika ile ya pili. Hakuandika. Aliona kuomba kwingine kabla ya kujibiwa ni kujitafutia mkosi, akakaa wiki sita akifungua ukurasa ule ule wa majibu ya Philadelphia kati ya vipindi. Mtu mwenye akili zake, lakini hofu ilikuwa imemshika pabaya.

Desemba jibu la Philadelphia likaja. Hawakumkataa wala kumkubali. Watamtazama tena Machi. Siku hiyo hiyo akaandika insha ya jirani kwa saa mbili na kuituma.

Jibu la jirani lilifika Januari, Jumamosi asubuhi. Lorraine alikuwa nyuma yake, amevaa sare ya kazi.

"Hongera," mama alisoma kwa sauti. "Tunafurahi kukupokea." Hakungoja zaidi. Alimbana binti yake mabegani, akachukua simu na kuanza kuandika.

Corinne alisoma aya ya pili peke yake. Nafasi za uuguzi zilijaa Novemba. Anakaribishwa kuchagua somo jingine.

"Mama, ngoja. Usiwaambie."

"Nimeshawaambia kazini kote." Simu ikaanza kulia, pongezi juu ya pongezi. Lorraine alicheka, akamsomea ya msimamizi wake: "Anasema ukimaliza uje hapa, uniamrishe wewe badala yake."

Corinne aligeuza kompyuta ili mama yake aone aya ya pili.