Upepo wa Tairi

Juzi, karibu na Ekero, nilimwona dereva amechuchumaa kando ya gari lake, akipunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia kwenye mchanga. Niliposikia ule mlio, nilikumbuka siku moja ya utotoni.

Nilikuwa na miaka saba. Mama alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma cha Landrova ya senge, dada yake baba, tukimkimbiza hospitali, uchungu wa uzazi umemzidi. Trekta la miwa lilikuwa limeanguka na kuziba barabara ya Mumias, kwa hiyo senge akapitia kando ya mto, wanakochota mchanga. Huko tukakwama. Kila alipokanyaga mafuta, tairi zilizidi kuchimba, na harufu ya raba inayoungua ikajaa ndani.

Senge alishuka, akapiga magoti, akaanza kutoa upepo. Nilidhani amekata tamaa na anaharibu gari. Nikaruka nje, nikaziba valvu kwa kidole gumba.

"Senge, usitoboe tairi! Mama atafikaje?"

"Toa mkono, mtoto wangu! Tairi ikilegea inapanuka, haizami!"

Sikumwamini. Niling'ang'ania mpaka aliponivuta kwa nguvu. Kisha gari likatoka polepole, likiyumba, Mama akilia.

Siku ya tatu Mama alirudi bila mtoto. Leo najua sikuwachelewesha hata dakika mbili. Lakini jioni ile, aliponiita nikae karibu naye, nilijificha nyuma ya jikoni, kidole nimekikunja ndani ya ngumi, nikisubiri aambiwe nilichofanya.