Kenji Alipoinama Mbele ya Baba Yake

Haijanitoka alasiri ile nilipomwona kijana wa miaka ishirini na sita akirudi nyumbani baada ya kuambiwa kwamba umri umempita. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa amevunja sheria. Alikuwa ameshindwa mchezo mmoja.

Mwanangu, ngoja nikueleze vizuri. Katika ujana wangu nilitoka Pangani kwenda Japani kujifunza ufundi wa injini za boti, nikakaa kwa mzee mmoja mwenye mwana aitwaye Kenji. Kenji alicheza shogi. Ni mchezo wa ubao ulio jamaa ya sataranji, ila kipande ukikiteka hukiweki pembeni moja kwa moja. Unakirudisha ubaoni kikupiganie wewe, kama zilivyo kete za bao letu. Huko wapo watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, na inawalisha. Lakini njia ni nyembamba. Wanaingia wakiwa watoto, wanashindana wao kwa wao miaka nenda rudi, wachache wanapanda, na asiyepanda kabla ya umri ule anaondoka.

Kenji aliingia akiwa shule ya msingi. Siku ile ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

Alivua viatu, akapiga magoti mbele ya baba yake, akainama. "Nimeshindwa," akasema. Kwao hilo ni sharti la mchezo: hangoji mwamuzi atangaze, aliyeshindwa hulitamka mwenyewe. Kisha akatoa ubao na kuupanga upya mchezo uleule, hatua kwa hatua, akitafuta alipopotea.

Roho iliniuma. Nikamfanyia kama tunavyofanyiana kwetu kwenye bao. "Achana naye, kaka. Kabahatisha tu yule."

Baba yake akanitazama. "Wewe, kwenu mtu akishindwa mnamwambiaje?"

"Tunampoza, mzee. Tunamsema yule aliyeshinda."

"Leo usimpoze. Amebakiwa na mchezo huu mmoja wa kumfundisha. Ukisema ni bahati, unamnyang'anya na huo."

Kenji hakuinua uso. "Ni hapa, baba," akasema, kidole juu ya kipande. "Hapa niliogopa."

Baadaye akawa mwalimu wa watoto. Ubao ulioko sebuleni kwangu Usagara alinipa yeye, na ndiye anayemfundisha mjukuu wangu Mwanahamisi kwa simu. Sasa binti anataka kwenda kujaribiwa hukohuko, kwa njia ya wanawake inayopokea hata wenye umri wake. Mama yake hataki hata kusikia: "Baba, mtoto kapata chuo cha uuguzi, aache kwa ajili ya vijibao?"

Juzi Mwanahamisi akaja mwenyewe. "Shikamoo babu. Sema wewe. Niende, nisiende?"

"Marahaba. Ukishindwa utasemaje?"

"Nitasema nimeshindwa."

"Halafu?"

"Halafu naupanga tena, hata kama nalia."

"Basi nenda."

Nawe mwanangu, njia yoyote unayoishika, iwe masomo au biashara, ishike kwa nguvu zako zote, na ujue mapema inaishia wapi. Ukishindwa, litamke kabla hujatafuta wa kumlaumu, kisha kaa utazame ulipoogopa. Mungu akupe moyo usiorudi nyuma na macho ya kuliona kosa lako.

Ombi la viza la Mwanahamisi bado halijajibiwa. Chuo kinafunguliwa Jumatatu.